Mguu Ulio Kwenye Breki Ndio Uzungumze na Fundi



Ndugu wasomaji, tangu safu hii ilipozungumzia mikanda ya usalama ya watoto, barua zimetufikia kwa wingi, na nyingi kati yake haziulizi habari za mikanda. Zinauliza habari za breki. Iliyotugusa zaidi ni ya mama mmoja wa Kisauni ambaye mumewe ni baharia na hurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Gari limeachwa mikononi mwake. Asubuhi huwapeleka watoto skuli, alasiri chuoni, na baina ya safari hizo mbili hulitumia kwenda Kongowea kununua bidhaa za duka lake dogo. Anasimulia kwamba kwa muda wa wiki tatu gari limekuwa likilia kila anapokanyaga breki. Alimpigia mumewe simu. Mumewe akampigia fundi wake wa siku nyingi. Fundi akaja mlangoni, akalizunguka gari, akamwambia mume kwa simu kwamba ni vumbi tu, na mume akampigia mkewe kumtoa wasiwasi. Gari linaendelea kulia. Swali la bibi huyu ni fupi: amwamini nani?

Jawabu letu ni kwamba ayaamini kwanza masikio yake mwenyewe. Tazama njia iliyopitiwa na habari hii: imevuka bahari na kurudi, na mtu pekee aliyeisikia kelele ndiye mtu pekee ambaye fundi hakumwuliza lolote. Kosa si la mume, ambaye alifanya alilolijua akiwa mbali. Kosa ni la mazoea yetu. Katika nyumba nyingi za mwambao gari ni la baba, fundi ni wa baba, hata namba ya fundi imo katika simu ya baba. Lakini mguu unaokanyaga breki tangu alfajiri hadi magharibi ni wa mama. Breki ni nadra kuharibika kwa ghafla. Huanza kwa kubadilisha sauti, kisha zikabadilisha namna zinavyoujibu mguu, na mabadiliko hayo huyatambua yule anayeendesha kila siku kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ili mtu aweze kumweleza fundi anachokisikia, hana budi kujua kidogo kinachotendeka huko chini. Ndani ya gurudumu la mbele la gari dogo mna sahani ya chuma, iitwayo diski, inayozunguka pamoja na gurudumu. Kila upande wa diski pana bamba la chuma lililobandikwa tabaka gumu jeusi. Mabamba hayo mawili ndiyo pedi. Ukanyagapo pedali, mafuta ya breki husukumwa katika vibomba vyembamba hadi kwenye gurudumu, na nguvu yake huzibana pedi zikaishika diski pande zote mbili. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto kwa ule msuguano, na kila mara chembe chache za tabaka lile jeusi husagika zikawa vumbi. Magurudumu ya nyuma ya magari mengi ya bei ya kawaida hayana diski bali dramu, yaani duara la chuma lenye uwazi ndani, ambamo lainingi mbili hutanuka na kulisugua kwa ndani. Kazi kubwa hufanywa na breki za mbele, kwa kuwa gari likifungwa breki uzito wake huinamia mbele, nazo ndizo zinazokwisha upesi.

Pedi mpya huwa na tabaka la takribani milimita 10 hadi 12. Likibaki milimita 3, wakati wa kuzibadilisha umewadia. Ni kilomita ngapi mtu hupata kabla ya hapo? Hakuna hesabu moja. Wapo wanaozimaliza kwa kilomita 30,000 na wapo wanaofika 70,000, na tofauti ni mahali na namna ya kuendesha. Mwenye kusafiri kila wiki kwenda Malindi kwa mwendo wa kadiri atazitumia kwa muda mrefu kuliko mwenye kusukumana kila siku kwenye msongamano wa daraja la Nyali, akienda hatua tatu na kufunga breki, hatua tatu na kufunga breki.

Sasa turudi kwenye kelele. Watengenezaji wengi huweka kwenye pedi ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikisagika hadi kukaribia mwisho wake, ulimi huo hugusa diski na kutoa mlio mwembamba, mkali, mfano wa filimbi. Mlio huo umewekwa kwa makusudi, ili dereva ajue kabla mambo hayajaharibika. Upo mlio mwingine usio na madhara, nao sisi watu wa pwani tunaufahamu sana. Gari likilala nje usiku wenye unyevu, au likioshwa jioni, asubuhi diski huwa imeshika kutu nyembamba ya rangi ya chungwa. Breki mbili tatu za kwanza hukwaruza, kutu ikafutika, na kelele ikatoweka kabla hujafika barabara kuu. Mlio wa asubuhi pekee usikutie hofu. Mlio unaodumu mchana kutwa, kila ukanyagapo, kwa wiki tatu, ni wa kufungua gurudumu na kutazama. Huenda kweli ni vumbi, lakini hakuna fundi awezaye kulijua hilo kwa kulizunguka gari akiwa amesimama.

Ikiwa mlio ule mwembamba umegeuka kuwa mkwaruzo mzito, kama chuma kinachoburutwa juu ya saruji, basi tabaka limekwisha na bamba linaisaga diski. Hapo gari lisiendeshwe ila kupelekwa gereji ya karibu, na polepole. Mbali na hatari yenyewe, kuna hasara: pedi ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na diski, na aliyechelewa kununua pedi hununua vyote viwili.

Miguu nayo ina habari zake. Pedali ikitetemeka chini ya wayo unapopunguza mwendo, aghalabu diski haiko sawa tena. Unene wake umetofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Gari likivutika upande mmoja, breki za upande huo zinashika kuliko za mwenzake, au upande wa pili haushiki kabisa. Ukisikia harufu ya kuungua baada ya safari fupi na gurudumu moja likawa na joto lisilo la kawaida, kuna pedi iliyokwama ambayo haiachii. Hapa chumvi ya bahari ina mkono wake, kwa sababu vile vipini vinavyoziwezesha pedi kwenda na kurudi hushika kutu vikagoma kuteleza.

Yapo majaribio mawili ambayo mtu anaweza kuyafanya uani kwake bila kuchafua hata kidole. La kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu, uendelee kuikandamiza, kisha uwashe injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, kile chombo kinachouongezea mguu nguvu kimeharibika au mpira wake umepasuka. La pili: injini ikiwaka na gari likiwa limesimama mahali tambarare, kanyaga na uikaze pedali kwa muda wa dakika nzima. Ikisimama imara, vema. Ikishuka polepole mfano wa mguu unaotota katika mchanga wa maji kupwa, mafuta yanavuja, ama nje ama ndani ya pampu kuu ya breki, na gari hilo halifai kubeba watoto hata kwa safari ya dakika tano.

Mafuta ya breki yanastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayosahauliwa zaidi, na hali ya hewa yetu huyadhuru kuliko ya bara. Mafuta haya hukaa katika kichupa cha plastiki chini ya boneti, upande wa dereva, karibu na kioo. Ubavuni pana alama mbili, ya juu na ya chini. Kiwango kikishuka taratibu kwa miezi, mara nyingi ni pedi zinazokwisha, kwani kadiri zinavyopungua unene ndivyo mafuta yanavyoijaza nafasi. Kikishuka kwa siku chache, kuna uvujaji. Kwa hiyo anayeongeza mafuta kila wiki bila kuuliza yanakwenda wapi anauficha ugonjwa.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani, hata kichupa kikiwa kimefunikwa, kidogo kidogo kupitia mipira yake. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya kufikia angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, hayo hayo huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Kwa dereva maana yake ni hii. Breki zikipata joto kali mteremkoni, mafuta yaliyolowa maji huanza kuchemka na kutoa mvuke ndani ya vibomba. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Mguu unakanyaga, pedali inakwenda hadi sakafuni, na gari halisimami. Breki hizo hizo zikipoa baada ya nusu saa zitafanya kazi kama kawaida, na fundi atakayeliendesha gari kesho yake atasema hana alichokiona.

Ushauri wa kawaida ni kuyabadilisha mafuta haya yote kila baada ya miaka miwili. Mwenye gari hapa Mombasa, Lamu au Kilifi, ambako nguo hulala kambani zikaamka na unyevu, asiupuuze ushauri huo. Kifunikoni huandikwa daraja linalotakiwa, lifuatwe hilo. Mafuta yanunuliwe katika kopo jipya lililofungwa, kwani kopo lililokaa wazi juu ya kabati la gereji tangu mwaka jana limeshanyonya maji ya kutosha. Na tafadhali, asitokee mtu akatia mafuta ya injini katika kichupa hicho kwa sababu ya dharura. Mafuta ya injini huivimbisha mipira ya ndani ikaharibika, na mfumo mzima ukahitaji kufunguliwa.

Tumetaja mteremko. Wapwani huona kwamba sisi ni watu wa tambarare na kwamba miteremko ni shida ya watu wa bara. Haiwi hivyo. Anayetoka Kwale mjini kushuka Golini hadi Kombani, au anayetoka Wundanyi kuteremkia Mwatate kupitia kona zile za milima ya Taita, anazitia breki zake katika mtihani ambao mwaka mzima wa kuzunguka mjini hauwezi kuutoa. Hatujasahau Julai 2022, basi lililokuwa njiani kutoka Meru kuja Mombasa lilipoacha barabara kwenye daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Barabara ile hushuka mteremko mrefu wenye kona hadi mtoni. Miteremko ya namna hiyo hairuhusu dereva kuitegemea breki peke yake.

Kinachotakiwa ni kuingia mteremkoni polepole na katika gia ndogo, ili injini yenyewe iliwekee gari kizuizi. Katika magari ya otomatiki, ambayo ndiyo mengi ya yale yanayoletwa kutoka Japani, kuna herufi kama L, S au B, au namba 2, chini ya D. Wengi wameendesha miaka kumi bila kuzigusa. Hizo ndizo gia za kuteremkia. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi, kisha iachiwe ipumue, badala ya mguu kukaa juu yake tangu kileleni hadi bondeni. Ipo desturi mbaya ya kuweka gia kwenye nyutro, au hata kuzima injini, ili gari lishuke lenyewe na kuokoa mafuta. Katika magari ya siku hizi hesabu hiyo si sahihi, maana gari linaloteremka likiwa ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, hukata lenyewe petroli inayokwenda injini. Na aliyezima injini ameuzima pia msaada wa breki: atakanyaga mara mbili tatu, kisha pedali itakuwa ngumu kama jiwe.

Kuhusu mwendo, kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinatoa makadirio yafaayo kujulikana. Gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, likiwa na kasi ya kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama, tangu dereva aone hatari. Kwa kasi ya kilomita 96 huhitaji mita 73, ambazo ni karibu theluthi mbili ya urefu wa uwanja wa kandanda. Kasi imekuwa mara mbili. Umbali umezidi mara tatu, na ile sehemu ya breki peke yake, kutoka mita 14 hadi 55, imekuwa karibu mara nne. Mvua ikinyesha, nafasi baina ya gari lako na la mbele iwe angalau mara mbili. Tena msimu wa masika, ukishapita kwenye maji yaliyotuama barabarani, ikanyage breki kidogo kidogo huku ukienda polepole, ili zikauke kabla hujazihitaji kwa haraka.

Jambo moja hatujawahi kuliona katika vitabu vya udereva, nalo linatuhusu sisi hasa. Buibui refu na pedali haviendani. Pindo huingia chini ya kisigino, na mguu unapohama kutoka mafuta kwenda breki hukwama kwa nusu ya sekunde. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, nusu ya sekunde ni karibu mita 7. Kabla ya kuwasha gari, pindo likusanywe na kuwekwa juu ya mapaja, na ndani ivaliwe suruali au sketi isiyobana, mtu asiwe na la kuona haya. Champali zinazochomoka na viatu vya visigino virefu viwekwe nyuma ya kiti. Raba au viatu vya chini vikae garini daima. Zulia la chini ya miguu nalo liwe limeshikizwa. Na chupa za maji za watoto! Chupa iliyoviringika ikaingia chini ya pedali ya breki inatosha kuizuia isishuke.

Tumfikie fundi. Wapo mafundi waaminifu na hodari wengi katika mji huu, na aliyempata mmoja amshike. Lakini wapo pia wenye njia za mkato, na ni vyema kuzifahamu. Moja ni kuzitoa pedi zilizokwisha, kuzipiga msasa na kuzirudisha. Kelele hutulia kwa juma moja, na pedi zimezidi kuwa nyembamba. Nyingine, ambayo ni hatari kubwa, ni kuziba kibomba cha gurudumu moja linalovuja ili magurudumu matatu yaliyobaki yaendelee kufanya kazi. Gari hilo likifunga breki kwa ghafla huzunguka. Atakayekushauri hivyo kwa kuwa spea haijapatikana, mwambie gari litangoja spea.

Basi unapokwenda gereji, nenda wewe unayeliendesha. Ukipenda kufuatana na kaka au kijana wako, hakuna ubaya, ila maelezo uyatoe wewe: kelele ni ya aina gani, ya mbele au ya nyuma, ya asubuhi au ya kutwa, pedali iko juu au imeshuka. Mwombe fundi akuendeshe kidogo asikie. Gurudumu lifunguliwe ukiona, na pedi uoneshwe. Pedi hubadilishwa za magurudumu mawili kwa pamoja, kushoto na kulia, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Diski ina kipimo cha unene wa chini kabisa kilichochapishwa juu yake. Ikiwa imepita hapo haichongwi tena, hununuliwa nyingine. Mwambie akukabidhi pedi za zamani. Vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu, na watoto wasisogee, kwani bado zipo pedi zilizotiwa asbesto, na asbesto huyaharibu mapafu. Kazi ikiisha, kabla gari halijasogea hata hatua, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka ipande na kuwa imara, maana baada ya pedi mpya mkanyago wa kwanza huenda hadi chini bila kushika. Kisha kwa kilomita mia mbili tatu za mwanzo uendeshe kwa upole, pedi na diski zizoeane.

Suala la fedha halikwepeki. Tumeona nyumba ambazo gari hupakwa rangi na kushonewa viti vipya kabla ya Idi, ilhali pedi zimesubiri tangu Rajabu. Mume aliye safarini, ikiwa anatuma matumizi ya nyumba, atenge fungu dogo la gari lililo chini ya mamlaka ya mkewe, asilazimike kuomba ruhusa ya ng'ambo kila breki inapolia. Na bibi wa Kisauni tunamshauri hivi: aende gereji wiki hii, afunguliwe magurudumu yote mawili ya mbele, apige picha ya pedi na amtumie mumewe.

Neno juu ya breki ya mkono. Gari likiachwa bila kutumika kwa miezi, hasa karibu na bahari, breki ya mkono iliyovutwa huweza kugandana kwa kutu isiachie tena. Ni bora liegeshwe mahali tambarare, gia ikiwa kwenye P, na jiwe au kabari nyuma ya gurudumu. Lakini gari la matumizi ya kila siku lisiachiwe P peke yake. Vuta breki ya mkono kwanza mguu ukiwa bado kwenye breki, kisha utie P. Na kwenye feri ya Likoni fanya hivyo kila mara, hata kama foleni inakaribia kusogea.

Wasomaji wasio na gari wameuliza pia, kwani watoto wao huenda skuli kwa tuktuk. Sheria inaruhusu abiria watatu. Breki za chombo hicho ni za dramu na zimepimwa kwa uzito huo, si kwa watoto wanane na mabegi yao. Keti siku moja pamoja nao na utazame mguu wa dereva. Akiwa anaikanyaga pedali mara mbili tatu kwa haraka kabla ya kila kituo, breki zake zina hewa, zinavuja au zimelegea, naye ameshazoea. Mwambie kwa adabu azitengeneze, na mpaka atengeneze watoto wapande chombo kingine. Magari ya abiria hukaguliwa mara moja kwa mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani. Pedi huweza kukwisha baina ya ukaguzi mmoja na mwingine, kwa hiyo cheti cha Januari hakizungumzii breki za Oktoba.

Mwisho tumeulizwa la kufanya iwapo breki zimekataa gari likiwa katika mwendo. Usizime injini, kwa kuwa usukani utakuwa mzito na ukitoa ufunguo huweza kujifunga. Toa mguu kwenye mafuta. Ipige pedali ya breki kwa haraka mara nyingi, huenda nguvu ikarudi. Shusha gia hatua kwa hatua, na kwa gari la otomatiki tia 2 kisha L, usiguse P. Washa taa za hatari, piga honi bila kuacha, na uvute breki ya mkono taratibu, ukishikilia kitufe chake ili uweze kuiachia magurudumu yakianza kuteleza. Tafuta mahali panapopanda, au mchanga, au vichaka. Gari likishasimama, watoto washukie upande ulio mbali na magari. Hata ikiwa pedali imerudi na inaonekana nzima, usiliwashe tena kwenda nalo nyumbani. Livutwe hadi kwa fundi.